Eksi ya skrepa yenye loki, na kilomita tatu zilizozidi

"Fundi, hivi Makuyuni wameisogeza?"

Dereva aliniuliza kabla hata hajashuka, mguu mmoja ukiwa bado kwenye kikanyagio. Ni mtu wa daftari. Kila safari huandika kilomita za kuondoka na za kufika, tabia aliyoanza enzi za kuajiriwa na hajaiacha. Kutoka geti la gereji yetu hapa Unga Limited, Arusha, hadi njia panda ya Makuyuni, mita ya gari lake husoma 79. Siku ile ilisoma 82 na ushee. Nilicheka, nikamwambia labda alizunguka mjini kutafuta mafuta. Akasema hakuzunguka. Nikaliacha hapo, na halikuwa kosa langu la kwanza kwenye kazi ile.

Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha eksi ya nyuma: kutoa ya kawaida na kuweka ya skrepa iliyotoka kiwandani ikiwa na difu loki ya umeme, yaani kifaa cha kufunga difu, lile fungu la meno la katikati ya eksi linaloyagawia nguvu matairi mawili. Nakiandika kisa kizima, pamoja na pale tulipoharibu, kwa sababu eksi hizi zinatafutwa sana na wenye magari ya watalii, na wengi wanaouliza huuliza kitu kimoja tu: "Loki inafanya kazi?" Loki ilifanya kazi vizuri. Kilichotutesa kilikuwa kingine kabisa.

Gari ni Land Cruiser HZJ75, hardtop ndefu yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Springi ni za pleti mbele na nyuma, matairi 7.50R16, stadi (boti za kufungia tairi) sita kila tairi. Chasisi imerefushwa, paa linafunguka, viti vya abiria ni saba. Mwenyewe ni mama mmoja wa Karatu. Gari analo hilo moja, kwa hiyo siku likilala gereji, biashara nzima imelala.

Kilichomleta ni korongo moja la njia ya kwenda Mang'ola, wakati wa masika. Dereva alikuwa na wageni saba waliokwenda kuwaona Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi. Alifika kwenye korongo, akashuka kufunga kwa mkono habu za mbele, zinazounganisha matairi na eksi, akaweka gia ndogo, akaingia kwa mshazari kama inavyotakiwa. Katikati gari likasimama. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa hewani linazunguka kama feni. La mbele kulia lilikuwa kwenye tope jeusi, nalo linazunguka. Mengine mawili, yaliyokanyaga udongo mgumu ambao ungeweza kulitoa gari, yalikuwa yametulia tuli. Walikaa hapo hadi likaja trekta la wakulima wa vitunguu kuwavuta.

Mama alipokuja kwangu alikuwa na swali la haki. "Fundi, niliambiwa gari hili ni fowili. Sasa hizo nyingine mbili zilikuwa wapi?"

Zilikuwepo, Mama. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa matairi yake mawili, na tairi lililo hewani halihitaji nguvu ili lizunguke. Likipokea chembe, na mwenzake aliye chini anapata chembe hiyohiyo. Basi gari la fowili lenye difu mbili za kawaida, likikaa vibaya, hubaki na matairi mawili yanayozunguka bure na mawili yanayotazama. Kwenye gari lililorefushwa mambo huwa mabaya zaidi, maana springi zimeongezwa pleti ili zibebe uzito, na eksi haijinyooshi kufuata shimo. Shimo dogo tu, tairi moja linaning'inia.

Loki huondoa ugawaji huo. Ndani ya difu kuna pete yenye meno. Ikisukumwa, hulifunga kasha la difu na hafu shafti (fimbo inayozungusha tairi) ya upande mmoja viwe kitu kimoja, na tangu hapo matairi mawili ya nyuma yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Katika loki ya umeme ya Toyota, kinachoisukuma pete ni uma unaoendeshwa na mota ndogo iliyofungwa nje ya difu.

Mama alikuwa ameshapewa ushauri mwingi. Mmoja alimwambia achomelee difu, yaani meno ya ndani yagandishwe kwa weldi yasizunguke kamwe. Ni rahisi, na ipo gereji utakayofanyiwa ukisubiri chai. Mimi kwa gari la abiria sifanyi. Kila kona ya lami, tairi la ndani na la nje yanataka mwendo tofauti na hayapati. Matairi yanaliwa, usukani unagoma, na siku moja hafu shafti inakatika ukiwa unateremka Rhotia. Wa pili alimshauri anunue loki mpya ya hewa, kama zile za ARB za Australia. Huo ni ushauri mzuri, nami ningeuunga mkono, ila bei ya loki, kompresa yake na ushuru ilimfanya mama anyamaze kidogo kisha aulize habari za watoto wangu. Ya tatu ilikuwa eksi ya skrepa.

Nilisema tangu mwanzo tutachukua eksi nzima, kutoka drami ya breki moja hadi nyingine. Kuna wanaotaka kununua difu peke yake waichomeke kwenye nyumba (ganda la eksi) ya zamani. Haiingii hivyo. Uso wa nyumba ya difu yenye loki una nafasi ya kupisha mota na uma, na stadi kadhaa zimekaa mahali tofauti. Utakata kwa grainda, utatoboa, utachomelea, na hata ukimaliza unaweza kukuta hafu shafti za zamani haziendani na difu mpya. Ukichukua eksi nzima ya gari la aina ileile, unatoa boti, unaweka boti.

Tuliipata Dar es Salaam, kwenye yadi ya magari chakavu. Ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa safi, imepakwa rangi nyeusi mpya inang'aa, muuzaji anaipigapiga kama ng'ombe wa mnadani. Stadi tano. Hiyo ni ya Land Cruiser 79, zile zilizokuja kuanzia 1999. Ukiifunga, nyuma unakuwa na rimu za stadi tano, mbele za sita, na tairi la akiba linalofaa upande mmoja tu. Tukaikataa. Ya pili ilikuwa chini ya HZJ75 pikapu iliyopinduka, stadi sita, mota ya loki ipo, mavumbi ya miaka. Bodi ilikuwa bado pale, na kibati cha utambulisho kipo ndani ya boneti. Nilisoma mstari wa eksi, nikalinganisha na picha ya kibati cha gari la mama niliyokuwa nayo kwenye simu. Uwiano uleule: 4.11.

Uwiano ndio roho ya jambo hili, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. 4.11 maana yake kraunwili (gurudumu kubwa la meno ndani ya difu) ina meno 37 na pinioni (dogo linaloizungusha) ina meno 9. Propela, shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu, ikizunguka mara nne na kidogo, tairi limezunguka mara moja. Katika gari hili, ukiweka fowili, transfa, kile kisanduku chenye gia kubwa na ndogo kinachopeleka nguvu mbele na nyuma, hufunga propela ya mbele na ya nyuma ziende mwendo mmoja, hakuna difu ya katikati ya kusuluhisha. Kwa hiyo difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, matairi ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda umbali tofauti ilhali yamefungwa kwenye gari moja.

Nilijua hayo yote pale yadini, ndiyo maana nilihesabu. Nilipiga alama ya chaki kwenye flanji ya pinioni (sahani ya chuma inapofungwa propela) na kwenye drami. Dogo niliyekwenda naye akashika drami ya kulia isizunguke, mimi nikazungusha ya kushoto mara mbili kamili. Ukishika upande mmoja, mizunguko miwili ya upande mwingine ni sawa na mzunguko mmoja wa kraunwili. Flanji ikazunguka mara nne na kidogo. Nikasema sawa, nne na kidogo.

Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo pa kujiuliza, na sikujiuliza. Ingekuwa 4.11, alama ya chaki ingepita mzunguko wa nne kwa kama sehemu moja ya tisa. Ingekuwa 4.30, ingepita zaidi ya robo. Tofauti inaonekana, ikiwa aliyeshika drami ya pili hakuiachia hata kidogo na ikiwa wewe uliyesimama juani unaangalia badala ya kuthibitisha. Kibati kilishaniambia 4.11, jicho likatii.

Mengine niliyakagua vizuri, na sitajinyima sifa. Eksi ya HZJ75 hubeba uzito kwenye nyumba yenyewe, hafu shafti kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hiyo unaweza kuichomoa bila hata kutoa tairi: nati sita, gonga flanji kwa nyundo ya shaba, koni zinaruka, unaivuta. Nilitoa zote mbili nikatazama meno ya mwisho. Yakiwa yamejipinda kama kamba, shafti imeshateswa. Yalikuwa yamenyooka. Nikafungua boti ya kutolea oili, ile yenye sumaku: uji mweusi laini, ambao ni kawaida, hakuna vipande. Na kwa kuwa pikapu ilipinduka, niliogopa nyumba kupinda. Tulifunga rimu mbili nzima, tukapima kwa kamba umbali kati ya rimu hizo kwa mbele na kwa nyuma katika kimo cha kitovu. Zilitofautiana milimita mbili, ambazo rimu zenyewe zinaweza kuzileta. Nikaridhika. Mama akapewa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, jambo ambalo watu hulidharau hadi wasimamishwe njiani na eksi juu ya fuso. Bei sitaitaja, maana ya siku ile si ya leo.

Gereji, kutoa ya zamani kulichukua asubuhi. Habari zote ziko kwenye yuboti, boti za umbo la U zinazofunga eksi kwenye springi: zimeshika kutu, ukizibembeleza zinakula muda. Nilizikata kwa grainda na kuweka mpya zote nne, kwa kuwa yuboti iliyokwisha kuvutika hairudishwi. Paipu ya breki tulinunua mpya, na kile kijiti cha vali ya breki inayosoma uzito wa mzigo tukakihamisha kama kilivyokuwa bila kugusa urefu wake. Ukikipinda ili kiingie, breki za nyuma zitadhani gari tupu lina mzigo au lenye mzigo ni tupu. Sentaboti za springi zikaingia kwenye matundu yake bila kubishana. Beringi za habu tukaziosha, tukapaka grisi, sili mpya.

Kisha propela ikagoma. Matundu manne ya flanji ya propela hayakulingana na manne ya flanji ya pinioni. Magari mawili ya aina moja, vibati vinasema kitu kimoja, na matundu hayalingani.

Sasa nikikumbuka, kile chuma kilikuwa kinapiga kelele. Pale nilifikiria namna ya kukinyamazisha tu. Njia ya haraka ni kubadili flanji ya pinioni, ila kulegeza nati ya pinioni ni kuvuruga mkazo wa beringi zake, nami sikutaka kufungua difu iliyokuwa nzima. Kwa hiyo tukabadili kichwa cha propela. Dogo alizunguka maduka ya spea akarudi na kichwa kilichoingia mara ya kwanza, krosi (kiungo cha propela) ileile. "Cha gari gani?" nikamuuliza. "Cha 79, fundi." Vizuri, nikasema, tukafunga. Flanji ya 79 kwenye difu ya 75, na mimi nasema vizuri.

Umeme ulikuwa na vituko vyake. Muuzaji alikuwa amekata waya za mota kwa kisu, zimebaki kama kiganja. Hatukuwa na swichi ya kiwandani wala kile kisanduku kinachoiongoza loki. Fundi umeme wetu, kijana hodari mwenye haraka, alitaka kuona kama mota ni nzima, akaipa betri moja kwa moja. Ikazunguka, ikapita mwisho wake, ikajikaza, kimya. Mota hizi zina swichi ndogo ndani zinazokata umeme pete inapofika mwisho wa safari; ukiupeleka umeme kwa njia ya mkato, hakuna wa kuiambia simama. Tukaifungua. Kwa bahati hakuna jino lililovunjika, na kwa kufungua tukakuta ugonjwa mwingine ambao ungetuaibisha mbele: sumaku moja ilikuwa imebanduka ukutani kwa kutu, na grisi imekuwa ngumu kama sabuni ya mche. Ndivyo loki hizi zinavyokufa, kwa kukaa bila kutumika. Sumaku ikagandishwa kwa gundi ya epoksi ikalala usiku mzima, brashi zikasafishwa, grisi mpya, sili mpya.

Kisha akajenga mfumo wake: rilei mbili, moja ya kufunga na moja ya kufungua, zinazosikiliza zile swichi za ndani, fyuzi karibu na betri, taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi inayowashwa na swichi iliyo kwenye difu, yaani taa inawaka loki ikiwa imefunga kweli, si pale tu unapobonyeza. Nilisisitiza jambo moja zaidi. Kiwandani loki hairuhusiwi kufunga mpaka transfa iwe kwenye gia ndogo. Tukaweka swichi ndogo kwenye mkono wa transfa, ikawa bila gia ndogo umeme haufiki. Fundi umeme aliona namsumbua. Dereva akichoka saa moja usiku anaweza kugusa chochote kwenye dashibodi.

Oili ya difu ya GL-5 ikaingia hadi tundu la kujazia likatema. Tukainua nyuma kwa jeki na stendi, tukafunga loki: taa haikuwaka. Nikamwambia dogo azungushe tairi polepole kwa mkono. Tk. Taa ikawaka. Meno lazima yakutane kwanza. Mota ina springi ndani inayosubiri hadi yakutane. Matairi yote mawili yakazunguka upande mmoja, na dogo akashangilia kama tumefunga bao. Hapo tulikuwa na nafasi ya dhahabu: loki imefunga, unazungusha tairi mara kumi na kuhesabu propela. Hatukuhesabu. Tulishahesabu Dar.

Gari likaenda Makuyuni na kurudi likiwa tupu, habu za mbele zimeachiwa. Dereva alirudi na maneno mawili. La kwanza ni lile la kilomita. La pili, alilosema kama kwa kuniomba radhi: "Gia ya tano inalia zaidi ya zamani. Labda masikio yangu." Nikamjibu ni oili mpya. Hata sijui oili mpya inahusiana vipi na mlio wa injini, lakini nilijibu.

Siku nne baadaye tulikwenda kulijaribu kwenye njia ya vumbi upande wa Monduli. Habu zikafungwa, fowili gia kubwa, kavu, barabara imenyooka. Baada ya kama mita mia mbili nikamwambia dereva atoe fowili. Mkono ukagoma. Akavuta kwa mikono miwili. Akarudisha gari nyuma kidogo, mkono ukaachia kwa kishindo. Tukarudia: mita mia mbili, umegoma. Kwenye kokoto tulisikia matairi ya mbele yakikwaruza huku tunakwenda moja kwa moja.

Dereva yeyote wa fowili za aina hii anajua kugoma huko. Ukikata kona kwenye lami na fowili, propela zinajikaza na mkono haurudi. Ila hiyo hutokea kwenye kona. Kwenye mstari ulionyooka, matairi manne yanakwenda umbali mmoja, hakuna cha kukaza. Kikikaza, basi matairi hayataki umbali mmoja. Nilisimama pale nimeshika mlango wa gari, na nikaliona daftari la dereva kichwani: 79, 82 na ushee.

Mita ya kilomita kwenye gari hili huzungushwa kutoka transfa. Haijui matairi yamekwenda wapi, inajua propela imezunguka mara ngapi. Kama propela ya nyuma sasa inazunguka zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, mita itasoma zaidi na injini italia zaidi katika mwendo uleule. Nikachukua simu nikagawa: 82.6 kwa 79. Ikaja kama 1.046. Nikagawa 4.30 kwa 4.11. Ikaja 1.046.

Hatukungoja kufika gereji. Tuliinua nyuma palepale chini ya mgunga, gia ndogo ili swichi iruhusu, loki ikafunga, transfa ikarudishwa huru injini ikiwa imezimwa, na kabla loki haijafunguka dogo akakata umeme wake. Tairi mara kumi, taratibu, na mimi kifudifudi na chaki nahesabu flanji kwa sauti. Ingekuwa 4.11 ningesimama kwenye arobaini na moja. Nilifika arobaini na tatu barabara.

Mtu fulani, mwaka fulani, alikuwa ameua difu ya ile pikapu akaitengeneza kwa kraunwili na pinioni ya meno 43 kwa 10, uwiano unaopatikana kwenye 79 nyingi za injini hiyohiyo ya 1HZ. Kibati hakikujua. Flanji ilijua, ndiyo maana kichwa cha 79 kiliingia bila maneno. Kwa kila mita mia, matairi ya mbele yalikuwa yanataka kwenda mita nne na nusu zaidi ya nyuma, karibu mizunguko miwili ya tairi. Kwenye tope hilo lingemezwa, tope husamehe. Kwenye ardhi kavu lingekula transfa au krosi, na pengine ningeendelea kumwambia dereva ni oili mpya.

Mama nilimpigia simu jioni ileile. Nilimsalimu, nikamweleza, nikamwambia kazi ya kurekebisha ni yangu, spea zitakazohitajika tutaziangalia pamoja. Alikaa kimya, kisha akasema, "Afadhali umeniambia wewe kabla ya Mang'ola." Mwanamke mstahimilivu.

Njia zilikuwa mbili. Kubadili ya mbele nayo iwe 4.30 kuna mantiki yake kwa gari zito lenye matairi yale. Lingevuta vizuri milimani. Lakini maana yake ni kwenda tena skrepa kuwinda difu nyingine ambayo nayo sijui nani aliifungua. Upande wa pili, kraunwili na pinioni ya 4.11 ilikuwa nyuma ya gereji ndani ya eksi yetu ya zamani, imefanya kazi kwenye gari hilohilo miaka yote. Nikachagua ninayoijua.

Kraunwili na pinioni ni kama mke na mume waliosagana kwa miaka, huhamishi mmoja. Zilihamia pamoja kwenye difu yenye loki, na beringi mpya pande zote. Hii si kazi ya kukadiria kwa kidole. Nilikaa na saa ya kupimia siku nzima nikitafuta uchezaji wa meno wa kati ya milimita 0.15 na 0.20, nikipaka rangi kwenye meno, nazungusha, natazama mguso umekaa wapi, nafungua, nabadilisha shimu (vipleti vyembamba vya kupanga nafasi), nafunga tena. Mara ya kwanza mguso ulikuwa juu kabisa kwenye ncha ya jino. Mara ya tano ukakaa katikati. Dogo wakati huo alikuwa na kazi yake ya kufedhehesha: pinioni ya zamani ilikuja na flanji yake ya zamani, kwa hiyo kile kichwa cha propela tulichokihangaikia madukani kilifunguliwa, na cha mwanzo kikarudi mahali pake.

Njia ya Monduli tena. Nusu kilomita ya fowili kwenye kavu, imenyooka, dereva akatoa mkono kwa vidole viwili. Tukaingia kwenye mfereji kwa mshazari hadi tairi la nyuma likaning'inia. Bila loki likazunguka bure. Akasimama, akabonyeza, taa ikasubiri, akasogea kidogo sana, ikawaka, gari likapanda kama linapanda ngazi. Nilimrudisha akalifanya mara tatu, mara ya mwisho nikamtaka akate kona loki ikiwa imefunga ili ahisi mwenyewe usukani unavyokataa. Nilimwonya pia kuhusu mteremko wa pembeni kwenye udongo mweusi. Difu ya kawaida huacha tairi moja liteleze huku lingine limeshikilia. Loki ikifunga yanateleza yote mawili, na mkia wa gari unakwenda bondeni pamoja na wageni.

Kila mwezi ataifunga na kuifungua angalau mara moja hata kama hakuna tope, ili grisi isigande tena. Yuboti nilizikaza upya aliporudi kutoka safari ya kwanza. Mbili zilikubali robo mzunguko. Ile jozi ya 43 kwa 10 iko rafuni, nimeiandika namba hizo kwa rangi nyeupe, na wawili wameshaiulizia.

Mita hadi Makuyuni imerudi 79. Kuna mlio mdogo, unasikika kwenye kilomita 60 hivi ukiachia mafuta, haupo ukikanyaga. Mguso wa upande wa nyuma wa jino nadhani haukukaa vizuri kama wa mbele. Dereva ameambiwa arudi baada ya kilomita 5,000 nifungue oili niitazame ile sumaku, na ameshaandika kwenye daftari.